Mwandika Majina Aliyesinzia

Zurayq bin Makki hakuwa mtu wa kupendwa, na tusidanganyane kwa sababu tu ameshakufa. Kazi yake ilikuwa kuandika majina. Hapa Fustati, mji wa Misri, kitabu hakiwi chako kwa kukinunua. Mimi nauza karatasi, ningefurahi iwe hivyo, lakini sivyo. Kitabu huwa chako ukikaa mbele ya mwalimu aliyekisikia kwa mwalimu wake, kikasomwa neno kwa neno, nawe ukasikia. Kisha mwandika majina anaandika kwenye ukurasa wa mwisho nani alikuwepo, nani alichelewa, nani alikuwa anapiga soga, nani alisinzia na alisinzia kwenye kurasa zipi. Ukienda kufundisha bila jina lako pale, utaulizwa umesikia kwa nani, na hutakuwa na la kujibu.

Kazi hiyo Zurayq aliifanya miaka ishirini na miwili na hakumwonea mtu haya. Alimwandika shemeji yake kwamba aliondoka kabla ya adhuhuri. Alimwandika mtoto wa kadhi kwamba alikuwa akichezea paka. Na Halfon bin Menashe, tabibu wa macho, Myahudi wa mtaa wa pili, alimwandika kwamba alisinzia kurasa tatu, asubuhi ambayo Halfon alikuwa ametoka kukesha na mgonjwa. Halfon akangoja mwaka mzima hadi kitabu kile kiliposomwa tena. Tangu hapo wakikutana sokoni walisalimiana kwa heshima zote, na kila mmoja akashika njia yake.

Lakini Zurayq naye alikuwa na lake moyoni. Alikuwa tabibu wa macho aliyesoma vizuri, amefika miaka arobaini na tisa, na bado anaandika majina ya watu wanaokwenda kuwa walimu. Mwaka ule hospitali moja ya mjini ilikuwa inatafuta mwalimu wa macho. Kitabu kilichotakiwa kilikuwa kimoja, cha milango, yaani sura, thelathini, na mtu aliyekisikia kwa mtunzi mwenyewe alikuwa amebaki mmoja tu: Tabibu Wahban, mzee wa miaka themanini na kitu, anayebebwa kwenye kiti na wajukuu zake. Mzee alikubali kukisoma mara ya mwisho. Walioandikishwa kusikia chote walikuwa wanne: Zurayq, Halfon, na wageni wawili kutoka Yemen. Zurayq alijua kwamba akitoka pale na kitabu kizima, kiti cha hospitali ni chake.

Siku arobaini alikaa macho kodo. Siku ya mwisho, ya mlango wa thelathini, unaoeleza jinsi ya kumshusha mtoto wa jicho kwa sindano, akapitia kwanza kwenye harusi ya jirani akala njiwa wawili waliojazwa ngano. Wawili, bwana. Akaja akaegemea nguzo, na joto lile la kabla ya mto kupanda. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na mzigo wangu wa karatasi, nikaiona kalamu ikimtoka mkononi. Mzee haoni mbali, na wale wa Yemen walikuwa wameinamia nakala zao. Halfon alimtazama, kisha akarudisha macho kwenye kitabu chake.

Walipotoka uani Zurayq akamfuata.

"Tabibu Halfon, uliniona."

"Nilikuona."

"Kuanzia wapi?"

"Mzee alipofika kwenye kushika sindano. Umeamka tumefika kwenye kufunga kitambaa."

"Yaani mlango mzima."

"Utangulizi umeusikia," Halfon akasema. "Na una adabu, hukukoroma."

Zurayq hakucheka. "Utasema?"

"Niseme nini? Kalamu unayo wewe, Sheikh. Mwaka ule uliponiandika mimi, hukuniuliza uandike au uache."

Mimi nikadakia, maana mdomo wangu haujui kukaa: "Jamani, nani atajua? Andika, mambo yaishe."

Zurayq akanitazama kama niliyetemea mate chakula chake. Akarudi ndani, akaandika mbele ya mzee: Zurayq bin Makki amesikia milango ishirini na tisa, wa thelathini alisinzia. Mzee alipouliza kimeandikwa nini na akasomewa, akashika tumbo kwa kicheko. "Mwanangu, hapo hata mimi nilikaribia kusinzia. Njoo Alhamisi nikusomee peke yako."

Jumanne mzee akafariki. Wale wa Yemen walizika pamoja nasi, na kesho yake wakaondoka na msafara. Mjini mwetu aliyeusikia mlango wa thelathini akabaki Halfon peke yake.

Sitajificha, nilimshawishi Zurayq kwa wiki tatu. Nilimwambia nina kisu chembamba cha kukwangulia wino, na karatasi yangu ni imara, haitaacha alama. Nilimwambia mzee mwenyewe alikwisha kumsamehe.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Mzee alisamehe usingizi. Hakunisomea mlango."

Jumapili moja asubuhi akaenda kwa Halfon. Halfon hakufanya haraka kumpokea, alimwacha kwenye mkeka wa wagonjwa, katikati ya mama mwenye tongo na mpagazi mwenye jicho la damu, mpaka wote wakaisha. Kisha akamwonyesha pa kukaa, chini, upande wa mwanafunzi. Nakala ya Halfon ilikuwa maneno yale yale ya Kiarabu, ila ameyaandika kwa herufi za kwao. Akasoma, na Zurayq akafuata kwenye yake. Kila ukurasa ulipokwisha Halfon alisimama.

"Sheikh, uko nami?"

"Niko."

"Nimesema sindano inaingilia wapi?"

Zurayq anajibu, wanaendelea. Halfon aliifurahia asubuhi ile, alinieleza mwenyewe, na sioni kwa nini asiifurahie. Lakini hakuruka hata neno moja. Pale mzee alipokuwa ameongeza maelezo kwa mdomo, naye aliyaongeza, na akasema haya ni ya mzee.

Zurayq akapeleka hospitalini karatasi yake, yenye majina ya aliowasikia. Msimamizi akaisoma hadi mwisho, akaiweka mezani.

"Huyu Halfon bin Menashe anafanya nini humu?"

"Mlango wa thelathini nimeusikia kwake, naye kwa Wahban."

"Sheikh wangu, sina neno naye. Macho ya mama yangu anayatibu yeye. Lakini hiki ni cheti cha mwalimu. Watu watasema tumekosa wetu. Andika Wahban moja kwa moja, na kiti ni chako leo hii."

"Wahban sikumsikia. Nilikuwa nimelala."

Kiti akapewa Tabibu Murhaf, aliyekuwa amekisikia kitabu vipande vipande, nusu kwa huyu na robo kwa yule, na mlango wa thelathini amejisomea chumbani kwake. Zurayq akarudi kuandika majina. Niliumia kwa ajili yake, nasema kweli, nikamwita mpumbavu mbele ya wateja. Alinunua karatasi zake akaenda.

Miaka sita ikapita. Halfon akafa kwa homa, akazikwa na watu wake, na Zurayq alisindikiza jeneza hadi nje ya mji. Huko hospitalini wanafunzi wa Murhaf walikuwa wamekua na kuanza kuuliza wanachouliza wanafunzi wote: mlango huu, mwalimu, umesikia kwa nani? Aliwapa jibu hili, akawapa lile. Wawili wakafunga safari kwenda Yemen.

Basi siku moja baada ya alfajiri Murhaf akaja mwenyewe, na joho lake la kiti, kitabu kwapani. Zurayq akampokea. Alimwonyesha pa kukaa. Akamsomea mlango mzima, pamoja na yale ya mzee, mpaka adhuhuri, kisha akachukua kalamu akaandika: Murhaf amesikia kwa Zurayq bin Makki, naye kwa Halfon bin Menashe Myahudi, naye kwa Wahban, naye kwa mtunzi.

Murhaf akaipokea karatasi, akaisoma polepole hadi mwisho. Kisha akaomba mchanga wa kukaushia wino.