Kengele Haikuruhusu

Darasa namba kumi na mbili lilikuwa na kanuni tisa, na Marlys Odegaard aliziandika mwenyewe kwa mkono, kwa wino mzito, mwaka ule alioanza kufundisha. Sasa karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kofia ivuliwe mlangoni. Simu (hii aliiongeza miaka mingi baadaye) itiwe kwenye mifuko ya viatu inayoning'inia nyuma ya mlango, kila mtu na mfuko wake. Anayekwenda msalani abebe gongo la kipa wa mpira wa magongo wa barafuni, refu na zito, ili shule nzima imwone na asitamani kuzurura. "Sijui" ni jibu, "sijali" si jibu. Lakini kanuni iliyowakera watoto wa mji ule kwa miaka thelathini na sita ilikuwa ya kwanza: KENGELE HAIKURUHUSU KUTOKA. MIMI NDIYE NINAYEKURUHUSU.

Na hakuwa na mzaha nayo, mama huyo! Kengele ilie mpaka ichoke, mtu akianza tu kufunga begi, Bi Odegaard anamtazama juu ya miwani, na begi linafunguliwa tena taratibu. Akimaliza alichokuwa akisema, au mwenye kusoma akimaliza kusoma, ndipo anasema, "Haya, nendeni." Hapo ndipo viti vinasikika.

Taabu ilianza Januari, pale mkuu wa shule alipomwita ofisini. Mkuu mwenyewe, Curtis Pelkey, mtu mzima wa miaka hamsini na ushee mwenye kitambi na tai ya bluu, alikuwa mwanafunzi wake mwaka ule wa kwanza kabisa, na mpaka leo hakuweza kumwita kwa jina lake.

"Mwalimu, karibu ukae."

"Sikuja kukaa, Curtis. Sema."

Curtis akasukuma mezani karatasi inayong'aa, imechapishwa vizuri. Heshima. Usalama. Wajibu. Chini yake picha ya dubu mwenye fulana ya shule, meno yote nje.

"Huyu anacheka nini?" Marlys akauliza.

"Mwalimu, tafadhali. Wilaya inataka kila darasa liwe na kanuni hizi hizi. Wewe nimekuacha, nimejifanya sioni. Lakini Renner, mwalimu wa hesabu, amelalamika tena. Watoto wako wanafika kwake wamechelewa."

"Dakika moja!"

"Mara nyingine tatu."

"Mara nyingine wana mengi ya kusema."

Curtis akajifuta uso. "Nimekutetea mpaka maneno yameniishia. Renner akilalamika mara moja tena, mara moja tu, karatasi yako inashuka, na dubu anapanda."

"Ikishuka nami nachukua koti langu," akasema Marlys, akatoka.

Hasira hizo! Huko koridoni akaanza kujuta. Nani alimtuma aseme hivyo? Hakuwa tayari kustaafu hata kidogo. Nyumbani kulikuwa na Duane, mumewe, na televisheni ya Duane, na ndege wa Duane wanaokuja kula mbegu dirishani. Alimpenda Duane, lakini si kuanzia asubuhi hadi jioni.

Na ile kanuni, watu walidhani ni ubabe wake tu. Hakuwahi kumweleza mtu ilikotoka. Mwaka ule wa kwanza, akiwa binti wa miaka ishirini na mitatu, alimsimamisha msichana mmoja, Lorna, asome insha yake. Lorna alikuwa ameandika habari za baba yake, aliyezama na gari akivuka ziwa lililoganda, barafu ilipopasuka. Alikuwa katikati ya sentensi kengele ilipolia. Darasa zima likanyanyuka, wakapita mbele yake na mabegi yao, mmoja akampiga kikumbo. Kufumba na kufumbua Lorna alibaki anavisomea viti. Akaikunja insha yake mara nne, na mwaka ule hakusoma tena mbele ya watu. Jioni ile Marlys alilia garini mpaka vioo vikafanya ukungu, kisha akaenda kununua karatasi kubwa na kalamu. Na wa kwanza kufika mlangoni siku ile alikuwa kijana mmoja mrefu aitwaye Curtis Pelkey. Hilo nalo hakuwahi kumwambia.

Basi baada ya maonyo yale akajitahidi. Wiki tatu nzima watoto wake walifika kwa Renner mapema mpaka Renner akaanza kuwashuku.

Jumanne moja ya Februari, kipindi cha kabla ya hesabu, alisimama Josie Beaulieu. Josie huyu alikuwa hajafungua kinywa darasani tangu Septemba, ila kusema "nipo". Siku hiyo alinyoosha mkono mwenyewe. Insha yake ilimhusu babu yake, dereva wa ile mashine ya kulainisha barafu kwenye uwanja wa magongo, aliyefariki Oktoba. Mji mzima ulimjua mzee huyo. Sauti yenyewe ilisikika kwa shida, lakini darasa lilitulia tuli.

Mlango ukafunguka, akaingia Darlene, katibu wa shule, pumzi juu juu. "Marlys, Duane kapiga simu. Kaanguka bafuni, hawezi kuinuka."

Duane alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi uliopita. Marlys akachukua koti, akadondosha glavu, akaziacha. "Endelea, Josie," akasema mlangoni. "Endelea kusoma, mpenzi. Darlene atakaa nanyi." Akaondoka.

Alimkuta Duane chini, mgongo kwenye beseni la kuogea, taulo begani, ametulia kama yuko ufukweni.

"Umevunjika?"

"Heshima tu," akasema Duane. "Umeacha wale watoto kwa ajili ya makalio yangu?"

"Nyamaza, nipe mkono. Huo mwingine! Mzee mbishi wewe, umeambiwa usiingie humu bila fimbo."

"Fimbo imo humu. Imeanguka nami."

Wakacheka, wakavutana, na mara ya tatu akainuka. Marlys alikuwa anamkalisha kitandani ving'ora vya zimamoto vilipolia, kama vinavyolia mjini pale kila siku saa sita mchana. Akaganda. Kengele ya kipindi chake inalia saa sita kasorobo.

"Mungu wangu. Sikuwaruhusu."

"Nani?"

"Watoto! Nimetoka sikusema waende."

"Marlys, ni watoto wa sekondari. Walishaondoka zamani."

Hilo ndilo lililomkata maini. Kama waliondoka, basi wameondoka Josie akiwa katikati, na mtoto yule amekunja karatasi yake, hatanyoosha mkono tena. Na kama walibaki, Renner ameshalalamika, karatasi imeshashuka, na koti analo tayari mwilini. Hakukuwa na upande wa kuombea. Akapiga simu shuleni, vidole vinakosea namba.

"Afadhali umepiga!" Darlene alipiga kelele. "Nilitoka dakika mbili tu nipokee simu, nimerudi hawataki kutoka! Renner amekuja, amebwata mpaka amekuwa mwekundu. Nimemwita mkuu, naye ameingia, sasa ni dakika kumi hajatoka. Ngoja nikuunganishe na simu ya humo darasani."

Ikalia mara moja. "Curtis hapa," sauti ikasema, chini chini. "Duane mzima?"

"Mzima. Curtis, Josie alimaliza?"

"Alimaliza. Dakika tisa baada ya kengele. Renner alikuwa mlangoni, nikamwambia anyamaze." Akakohoa. "Nimewaambia waende, Mwalimu. Nimewaambia mara tatu."

"Tukamwambia kengele yenyewe imeshindwa!" akadakia mtu nyuma yake. Huyo alikuwa Tanner, mcheshi wa darasa; sauti yake mbona anaijua. Darasa likaangua kicheko.

"Niweke kwenye spika wanisikie wote," Marlys akasema. Akasikia kidude kinabonyezwa. "Josie?"

"Nipo," akasema Josie. Kisha, kwa sauti ya kusikika, "Wamebaki wote, Bi Odegaard."

"Ahsante, mwanangu. Ahsanteni nyote. Na mkamwombe Bwana Renner radhi, nimesema mimi. Haya, nendeni."

Viti vikaburuzwa, begi likaanguka, mtu akamtania Tanner kwamba tumbo lake lilinguruma wakati wa kusoma. Mlango ukagonga, ukagonga tena. Marlys aliisikiliza vurumai yote mpaka mwanafunzi wa mwisho, amekaa ukingoni mwa kitanda, Duane amemshika goti. Kisha darasa likawa kimya, lakini simu haikukatwa.

"Curtis? Bado uko hapo?"

"Niko hapa."

"Najua kuna lalamiko. Na nilichosema nilisema. Karatasi ishushe tu."

"Karatasi sitaigusa. Dubu nitampeleka chumba cha kulia chakula." Kisha sauti ikawa ya yule kijana mrefu wa zamani. "Yule mtoto alipokuwa anasoma nimemkumbuka Lorna. Mimi ndiye niliyempiga kikumbo, Mwalimu. Sikugeuka hata kutazama. Siku ile hukutuambia twende."

Marlys akafunga macho. Miaka yote hiyo, naye alikuwa akiibeba siku ile.

"Sikuwaambia," akasema.

"Ndiyo maana bado nimekaa."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akachukua muda wake.

"Haya, Curtis," akasema. "Nenda."