Greda ya Sufuria Zilizotoboka

Baba yangu alikuwa akisema kwamba magurudumu ya mbele ya greda yanalala. Alisema hivyo akinywa chai, alisema hivyo mbele ya wageni, na mwaka niliorudi mjini kwetu Baraka kutoka chuo kikuu cha Bukavu, vita vikiwa vimefunga madarasa na kutawanya maprofesa, alisema hivyo zaidi ya zamani, kwa sababu sasa kulikuwa na kazi ya kupatikana.

Shirika moja la misaada lilikuwa limetangaza kwamba litatengeneza barabara ya kutoka Baraka kupanda Fizi, na kwamba linatafuta dereva wa greda. Greda, kwa asiyeijua, ni ile mashine ndefu yenye kisu kikubwa chini ya tumbo, inayokwangua barabara na kuisawazisha. Kabla ya vita vya kwanza baba aliiendesha miaka mingi kati ya Uvira na Baraka. Lakini mashine yake iliachwa karibu na Mboko siku watu walipokimbia, na baada ya hapo kila aliyepita aliondoka na kipande. Karatasi zake za kazi zilizama na begi tulipovuka ziwa kwenda Kigoma. Kwa hiyo hakuwa na mashine wala karatasi. Alikuwa na mdomo.

Shirika halikutaka mdomo. Lilitaka komite ya mtaa imthibitishe kila anayeomba kazi, na prezida wa komite alikuwa jirani yetu, mwenye maboti, mtu wa sala tano na maneno makali. Alihamia mtaani kwetu vita vya kwanza vilipoisha, hivyo hakuwahi kumwona baba akiwa juu ya mashine.

"Muzee, sema tena," alimwambia baba mbele ya wenzake. "Gurudumu inafanyaka nini?"

"Inalala. Unavuta fimbo, inalala."

"Inalala kama vile mi ninalalaka?"

"Hapana. Wewe unakoromaka."

Watu walicheka, ila baba ndiye waliyemcheka. Prezida alingoja wamalize.

"Gurudumu yenye kulala njo ile imevunjika," alisema. "Mi niko na mashini ku maboti yangu. Propela ikilala, ninaita fundi. Sema tu ukweli, muzee. Ulikuwa unabebaka majiwe ku barabara."

Hilo la majiwe, la kumfanya kibarua wa kubeba mawe, lilimchoma. Nyumbani alitangaza kwamba akikosa kazi hiyo atakwenda Misisi kuchimba dhahabu, na mama akamjibu kwamba mgongo wake hautafika hata nusu ya njia, achilia mbali kushuka shimoni. Hakuwa anatania, na baba naye hakuwa anatania. Tulikuwa tukila mihogo ya watu wengine. Lazima mtu aende mahali.

Niseme wazi kwamba na mimi sikumwamini. Nilikuwa nimesoma fizikia, na nilijua kwamba gurudumu likilala, tairi linaliwa upande mmoja. Nani angeunda mashine ya bei kubwa hivyo ili ijile yenyewe? Nilimuuliza. Baba alinijibu kwamba mimi ni mtoto wa kuuliza tangu tumboni, na kwamba nilizaliwa nimechelewa kwa sababu nilikuwa nabishana na mkunga.

Basi nikaamua kuiunda hiyo greda, ndogo, ya kukaa mezani, ambayo kila kinachosogea kwenye mashine ya kweli kingesogea na kwake pia. Kama magurudumu hayawezi kulala, yatatuambia yenyewe. Baba alifikiri ninamtetea. Nilikuwa napima.

Kwa vipande vya chuma nilikwenda kwa fundi sufuria, nyuma ya soko. Alikuwa na shimo la makaa lililopulizwa na feni ya gurudumu la baiskeli, na humo aliyeyusha alimini ya kila aina: sufuria zilizotoboka, pistoni, vifuniko vya injini. Kielelezo cha mbao unakibana ndani ya mchanga wenye udongo, mchanga wa mto Mutambala, unakitoa polepole, na pale kilipokuwa pamebaki shimo lenye umbo lake. Unamimina. Ikipoa unavunja mchanga, na kitu chako kimo ndani, kimeungua pembeni kama mkate.

Fundi alikuwa na sheria moja: alimini ikiwa motoni, hakuna kusalimiana.

"Kwa nini?" niliuliza.

"Inasikia. Ukisalimia, inafungua kinywa ijibu. Ile kinywa njo tundu."

"Na nikisalimia kwa Kifaransa?"

"Mama," aliniita, kama wanavyomwita msichana yeyote kwetu, "ujaribu ku sufuria yako, si ku yangu."

Nilijaribu kwenye yangu. Wakati anamimina gurudumu la kwanza nilisema "jambo, papa" kwa sauti nzuri, na gurudumu likatoka na tundu ambalo ungepitisha kidole. Nilimweleza kwamba mchanga ulikuwa na maji mengi, yakageuka mvuke. Alinieleza kwamba mvuke ni salamu ikijibiwa. Tulipunguza maji na mimi nikanyamaza, gurudumu la pili likatoka safi, na mpaka leo hatukubaliani ni lipi kati ya hayo mawili lililosaidia.

Alimini yenyewe ilitoka kwa watu wa mtaa, wengi wao wakitaka kuona baba akiumbuka. Prezida mwenyewe alituma kifuniko cha injini ya boti iliyokufa. "Chukueni," alisema. "Nataka nione hiyo gurudumu ikipiga usingizi." Mama alitoa sufuria yake iliyotoboka, ya kupikia sombe, majani ya muhogo, akasisitiza iwekwe kwenye kisu, kwa sababu ndiyo sehemu inayofanya kazi.

Vielelezo vya mbao alichonga baba, uani, kwa kisu cha samaki. Hakuwa na mchoro. Alikuwa na mwili wake. Kisu cha greda kilimfika nyongani, tairi la nyuma lilimfika begani, na ngazi ya kupandia ilikuwa na kipago cha kwanza palepale palipo na goti lake.

"Papa, lakini umepungua," nilimwambia. "Watu wakizeeka wanakuwa wafupi. Bega lako la sasa si lile la wakati huo."

Alisimama wima, akavuta pumzi, akakaa hivyo bila kupumua. "Pima sasa, haraka."

Nilipima. Tuliendelea hivyo wiki baada ya wiki: fremu ndefu inayopinda mbele kama shingo ya bata, kisu kinachozunguka kwenye duara lake, kibanda cha dereva, taa mbili. Wakati mwingine milio ya bunduki ilisikika upande wa vilima, na tulifanya kama kila mtu: tuliingia ndani, tukangoja, tukatoka, tukaokota vipande. Siku moja tulikimbia na ekseli ikiwa ndani ya mfuko wa mama pamoja na chumvi.

Ekseli hiyo ndiyo iliyotugombanisha. Niliitengeneza nzima, imenyooka, magurudumu yamesimama. Baba aliitazama, akaenda nayo mwenyewe kwa fundi, akairudisha motoni.

"Ile ilikuwa toroli," alisema aliporudi.

"Ilikuwa ekseli."

"Ya toroli."

Basi nikamwambia anionyeshe. Alichukua vipande viwili vya muhogo na spoku ya baiskeli, akaviungia kwenye kijiti ili viweze kuegemea vyote upande mmoja, kama watu wawili wanaosukuma mlango. Hapo kwa mara ya kwanza nilielewa alichokuwa akikiita kulala. Sikukubali bado, ila nilielewa. Tulimimina upya, na safari hii kila gurudumu likawa na bawaba yake.

Kipimo tulikifanya uani. Nililaza mchanga, nikakigeuza kisu kikae mshazari, kama kinavyokaa kikiwa kinasukuma udongo pembeni, nikafunga kamba mbele na kuvuta. Magurudumu yakiwa yamesimama, pua ya greda iliteleza pembeni kila mara, ikikimbia mzigo wake. Nikayalaza, yakaegemea kinyume cha ule msukumo. Nikavuta. Ikaenda moja kwa moja.

Nilivuta tena. Nilibadilisha mchanga, nikabadilisha kamba, nikamwomba mama avute kwa sababu labda mkono wangu ulikuwa ukimpendelea baba. Mama alivuta mara moja, akasema imeenda, akarudi kwenye mboga zake. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti akitazama upande mwingine, kama mtu ambaye jambo hilo halimhusu.

Kwenye komite prezida aliyalaza na kuyaamsha magurudumu kwa kidole chake mwenyewe, muda mrefu.

"Lakini hii ni kuinama," alisema mwishoni. "Hii si kulala."

"Sisi ku kazi tulisemaka kulala," baba alijibu.

"Ungesema kuinama, hakuna mutu angekucheka."

"Boti yako ikiegemea, unasema nini?"

"Inainama."

"Na ikilala?"

"Ikilala tumekufa, muzee."

Komite nzima iliingia katika suala hilo. Mmoja alisema nyasi zinalala na hazijafa. Mwingine alisema mtu akiegemea ukuta hajalala, ila mlevi akiegemea ukuta amelala. Jua lilitua wakiwa bado kwenye neno, na kuhusu majiwe hakuna aliyesema tena. Walimthibitisha baba. Kisha, ili haki ionekane, waliamua greda ibaki kwenye ofisi yao, kila anayejiita dereva aje aielezee.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika muda mfupi Baraka ilijaa madereva wa greda. Alikuja mmoja aliyetoka Misisi, alikuja mwingine aliyewahi kuendesha lori la bia, alikuja pia mpwa wa prezida, ambaye nilimjua kama muuza sabuni. Waliizunguka mashine yetu, wakaigusa, wakaulizana, na kesho yake kila mmoja alisimama akasema kwa uchovu wa mtu mzoefu kwamba magurudumu, bila shaka, yanalala. Ushahidi niliouunda ulikuwa umegeuka shule. Baba alipitia pale akawasikia, akarudi nyumbani akauliza kama jembe letu lingefaa kwa machimbo.

Siku ya kuchagua, shirika lilimleta enjinia, mgeni mwenye Kifaransa cha haraka na viatu vyeupe kwa vumbi. Walikaa kwenye ukumbi wa parokia, greda yetu juu ya meza, na mimi nikaitwa kutafsiri kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nilisema kwamba mmoja wa wanaoomba ni baba yangu. Enjinia alisema atafurahi kunisikia nikitafsiri kwa makini.

Kila mmoja aliulizwa maswali, na swali la mwisho lilikuwa moja: ukiwa umekaa kwenye kiti, fimbo ya kulaza magurudumu iko wapi? Ndani ya kibanda tulikuwa tumeweka safu ya fimbo ndogo, zote kipande kimoja, ile ya kulaza magurudumu ikiwa na kichwa cha duara. Wa Misisi alinyoosha kidole kushoto, mwisho kabisa. Wa lori, kushoto. Muuza sabuni alisema kushoto, tena akafumba macho na kuvuta hewa, kuonyesha kwamba mkono wake unakumbuka. Nilitafsiri: à gauche, à gauche, à gauche.

Baba aliingia mwisho. Alisikiliza swali, akaitazama mashine yake, akasema, "Kuume."

"Papa, angalia vizuri," nilimwambia kwa Kiswahili, polepole.

"Niliangalia. Kuume."

Prezida alikuwa nyuma yangu, kama shahidi wa komite. "Muzee anakataa mashini yake mwenyewe," alinong'ona. Na kweli, kwenye kibanda fimbo hiyo ilikuwa kushoto, kila mtu aliiona. Nilikuwa na neno moja mdomoni, na enjinia alikuwa akilingoja. Ningeweza kusema gauche. Niliifikiria safari ya Misisi kwa muda mrefu kuliko unavyohitajika kutafsiri neno.

"À droite," nilisema.

Enjinia aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba mashine hiyo ndogo ilimpendeza sana tangu asubuhi, lakini mtu aliyeiunda aliweka fimbo zote kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, na ndiyo sababu alikuwa akiuliza. Nililitafsiri hilo pia, kwa makini, uso wangu ukiwaka. Safu ya fimbo ilikuwa ndogo mno kwa kisu cha samaki, na badala ya kuchonga kielelezo niliichora mwenyewe moja kwa moja kwenye mchanga kwa msumari. Ukichora kushoto kwenye mchanga, kipande kikigeuzwa kinatoka kulia, na cha kulia kinatoka kushoto. Fizikia yote ile, na hilo halikunijia.

Baba alipata kazi. Alitakiwa kwenda Uvira siku zilezile kuichukua mashine na kuishusha kwa barabara. Kuhusu Makobola, kijiji cha njiani ambako watu wengi waliuawa wakati wa vita, alisema atapita kimyakimya.

Jioni nilimkuta akipaka viatu mafuta ya mawese.

"Ulijua ziko kinyume?"

"Niliona siku ile uliileta."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ungeniomba ushahidi," alisema, akavigeuza viatu vyake vikaukie upande wa pili.

Nilitaka kuuliza kama aliliacha kosa lile makusudi, liwanase waongo. Lakini alikuwa ameshaanza kumweleza mama jinsi greda inavyovuka daraja la miti, kwa mikono yote miwili, na mama alikuwa akimwamini.