Risiti ya Betri

Mama alikausha samaki kwa moshi miaka mingi, nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya Garsen. Kambare waliotoka mtoni alfajiri walikuwa juu ya moto kabla ya saa nne, na mabasi ya Lamu na Malindi yakisimama njia panda, aliwauzia abiria madirishani. Moshi huo ulitusomesha sote, na ulimla mapafu. Daktari wa Malindi alitueleza hivyo bila kuzungusha maneno. Alisema mama atahitaji mashine ya oksijeni nyumbani muda wote uliobaki, na kwamba kilichokwenda hakirudi.

Mashine tuliipata Mombasa, kuukuu lakini nzima. Shida ilikuwa stima. Kwetu stima huondoka bila kuaga, na betri ya mashine ile ilikuwa imekufa zamani. Stima ikienda, mashine ililia mara tatu ikanyamaza, na mama akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Mimi nilimpepea kwa sinia kana kwamba alichokosa ni upepo. Fundi alijaribu kuiunganisha na betri ya sola ya jirani, mashine ikakataa. Betri yake yenyewe iliuzwa na duka moja tu la mtandaoni, ng'ambo, na duka hilo lilipokea kadi za benki au kadi zake za zawadi. Kadi ya benki sijawahi kuwa nayo.

Nilichokuwa nacho ni kripto. Kazi yangu ni kuchora visanduku kuzunguka magari na taa za barabarani kwenye picha za miji nisiyoijua, ili mashine za wenyewe zijifunze kuona. Mwajiri wangu sijawahi kumwona, na hulipa kwa sarafu za mtandaoni. Mama aliziita pesa za hewa.

"Zinalika hizo?" aliniuliza kila mwisho wa mwezi.

"Zinalika, mama. Ila lazima uzitafutie mlango."

Mlango safari hii ulikuwa tovuti inayouza kadi za zawadi. Unawatumia sarafu, wanakutumia herufi na namba kumi na sita, unaziandika dukani unapolipa, basi; jina lako halihitajiki. Sarafu zangu hazikutosha, nikauomba ukoo unijazie. Kundi letu la wasap lina watu zaidi ya hamsini, toka Hola hadi Kipini, na wengine wako Mombasa na Uarabuni. Walichanga. Hata wale ambao mashamba yao yalikuwa chini ya maji walichanga, na hilo nitalisema daima, pamoja na yote yaliyofuata.

Kundi lilikuwa na sheria moja. Zamani ndugu yetu mmoja alikula mchango wa matanga akanunua pikipiki, na tangu siku hiyo mjomba, kaka yake mama na mwenyekiti wetu, aliamuru kwamba kila matumizi yaonyeshwe risiti mbele ya wote. Tulibandika pale ujumbe wa kutuma pesa kwa simu, pamoja na zile herufi na namba zake za mwanzo, na hakuna aliyewahi kupoteza kitu. Namba zile hazifungui chochote, ni ushahidi tu. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi hadi mkono ulizoea bila kuniuliza.

Shilingi zao nilizigeuza sarafu, na Ijumaa mchana nikazituma, kadi ikaingia. Mama alicheka hadi akakohoa. Haikupita saa moja mjomba akapiga simu.

"Mpwa wangu, nasikia imeingia. Sasa tuonyeshe risiti."

"Mjomba, hii si risiti, ni kadi."

"Hata ikiwa ya hewa, risiti ni risiti. Watu wametoa jasho lao."

Nisimtupie yeye lawama yote. Nilikuwa na furaha, nilitaka waone. Nikapiga picha ya skrini kama ilivyo, herufi na namba zote kumi na sita, nikaituma kundini. Viganja vya kuomba vikamiminika. Shangazi mmoja akaandika kwamba Mungu hamtupi mja wake.

Ningenunua palepale. Lakini duka lilitaka anwani, na anwani yetu ni "pita msikiti, kisha uliza." Wakala wa Malindi anayepokea mizigo ya ng'ambo alikuwa amefunga kwa sala ya Ijumaa, na siku hiyo hakufungua tena. Jumamosi asubuhi alinipa anwani yake. Nikaijaza, nikaandika zile herufi na namba. Salio: sifuri. Nikaziandika upya polepole, nikizisoma kwa sauti, na mama kitandani akinisikiliza.

Duka lilijibu kwamba kadi ilitumika jana jioni. Aliyetumia na alichonunua hawakuweza kusema. Tovuti ilijibu kwamba walinipa kadi nzima na sarafu zikishatumwa hazirudi. Mwenyewe nilikuwa nikizisifia sarafu hizo kwa sababu hiyohiyo.

Niliandika kundini kilichotokea. Hakuna aliyejitokeza kukiri. Walituma nyuso za kulia, na watu saba waliandika kikulacho ki nguoni mwako. Sioni ajabu mwizi akiwa mmoja wa hao saba.

Mjomba alikuja kesho yake, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Alikuwa amezeeka kwa siku mbili.

"Nitawaita mmoja mmoja," alisema. "Watakula kiapo."

Mama alingoja pumzi imtoshe. "Kaka, wacha. Ukimjua, betri itarudi? Mimi nimebakisha siku kidogo. Msinizike na kesi."

Mjomba akalia. Mimi nilimkasirikia mama, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Ilikuwa rahisi kwake kusamehe, hakuwa yeye wa kubaki na watu hawa.

Nilianza kuweka akiba upya, kisanduku kwa kisanduku. Mvua ikanyesha juu huko mto unakotoka, mto ukafurika, nguzo za stima zikalala majini. Stima ilikwenda Jumanne saa sita mchana. Mashine ikalia mara tatu. Barabara ya hospitali ilikuwa chini ya maji, na kijana wa bodaboda alirudi akasema ni mashua tu itakayopita. Tukaisubiri mashua. Mama aliomba dirisha lifunguliwe, nikamwambia liko wazi. Nilimpepea kwa sinia. Mkono ukichoka nikabadili mkono. Mashua ilipofika, saa kumi hivi, nilikuwa nimeshaiweka sinia chini.

Ukoo wote ulikuja kuzika. Walipita mmoja mmoja kunipa mkono wa pole, nami kila mkono niliushika muda mrefu kidogo kuliko inavyopasa, nikimtazama mwenyewe machoni. Wote walikuwa wakilia. Sikujua chozi la nani nilikatae.

Baada ya matanga mjomba aliandika kundini, kwa upole, kwamba mchango wa mazishi nao una risiti zake. Nikaipiga picha risiti ya jeneza, kidole gumba kimefunika namba zote, nikatuma.

"Mbona umefunika?" aliuliza mmoja. Wengine waliisoma.

Niliandika jibu refu, nikalifuta. Kisha nikaondoa kidole, nikapiga picha upya, nikatuma. Hapo hapakuwa tena na kitu cha kuiba.