Macho ya Mama Mwende

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na tamaa moja kubwa, wala haikuwa ya peremende. Nilitaka kuonja kile walichopewa watu wazima kule mbele kanisani. Kila Jumapili walipanga mstari, wakapiga magoti kwenye reli ya madhabahu, wakapewa kipande cheupe na kikombe, kisha wakarudi vitini na nyuso za watu walioambiwa siri. Sisi ambao hatujapata kipaimara tulienda na mikono imekunjwa kifuani, mchungaji akatuwekea kiganja kichwani, basi, rudi ukakae. Nilikuwa na miaka tisa, mkaidi na mwenye mdomo mrefu, na nilijiona ninaonewa.

Kanisa letu lilikuwa Kileleshwa, siku zile kabla nyumba za serikali hazijabomolewa kupisha maghorofa. Ibada ya Kiingereza ilikuwa saa tatu asubuhi, ya wenye nyumba. Ibada ya Kiswahili ilikuwa saa tano, ya wanaowapikia na kuwalindia. Hakuna aliyetangaza mgawanyo huo, lakini kila mtu alijua saa yake. Vitambaa vya Meza ya Bwana vilikuwa ni vile vile kwa ibada zote mbili, na aliyevifua na kuvipiga pasi alikuwa Mama Mwende, yaya wa nyumba ya pili kutoka kwetu, ambaye alisali nasi saa tatu kwa sababu aliwaleta watoto wa mwajiri wake. Hakulipwa kwa kazi hiyo. Aliiomba mwenyewe, na aliifanya kwa madaha, kila kitambaa kikikunjwa mara tatu huku na mara tatu kule.

Mama Mwende alikuwa na tabia ya kuangalia watoto wakila. Baada ya ibada tulipopewa chai na mandazi pale uwanjani, angesimama kando na kikombe chake akituangalia tu, huku anatabasamu. Leo ninajua kwa nini. Alikuwa amemwacha Mwende wake kwa mama yake huko Kitui, na alimwona mara mbili kwa mwaka. Wakati ule sikujua, na Kukhu naye hakujua.

Kukhu ni nyanya yangu mzaa mama. Mwaka ule alikuwa amekuja kwetu kutoka Butere kutibiwa miguu. Alikuwa mlokole wa zamani, wa kuamka na nyimbo na kulala na nyimbo, lakini kuna jambo moja ambalo wokovu wake haukulifikia. Alituambia sisi wajukuu: "Mtu akikuangalia sana ukikula, funika sahani yako. Kuna watu wako na macho mabaya. Si kupenda kwao, wamezaliwa hivyo. Lakini chakula kitageuka kwa tumbo."

Mama alicheka. Alikuwa karani mjini, mtu wa ofisi. "Mama, hapa ni Nairobi."

"Kwani watu wa Nairobi hawana macho?" Kukhu akajibu.

Jumapili mbili baadaye alimwona Mama Mwende pale kwenye chai, akaninyang'anya andazi langu na kulitia kwenye mkoba wake. Nilikasirika mpaka nikalia.

Jumamosi moja akina mama wa kanisa walikuja kufanya usafi na kupanga maua. Mama alinichukua nami. Wao wakiwa wanabishana kuhusu maua ya njano, nikapenya mpaka vestri, kile chumba cha nyuma ambamo mchungaji huvalia kanzu zake. Kabati halikuwa limefungwa. Nikaona mkebe wa mikate ile midogo, na kando yake chupa ya divai iliyokwisha kufunguliwa.

Nilianza na divai. Ilikuwa tamu kama sharubati, kisha ikawasha. Nikanywa tena, nikanywa tena, mpaka chupa ikawa imeshuka kwa kiasi cha kutisha, nami nikajazia maji ya bomba. Halafu, ili mdomo usinuke, nikaanza kula mikate, miwili miwili. Mdomo ulikuwa umejaa pomoni wakati mlango ulipofunguliwa. Ni Mama Mwende, na vitambaa vyake vilivyopigwa pasi mkononi.

Tulitazamana. Chupa ilikuwa imesharudi kabatini, kwa hiyo alichoona ni mtoto mwenye mashavu yaliyovimba na mkebe wazi.

"Haya, meza," akasema kwa upole. "Hiyo haijabarikiwa bado, ni mkate tu. Meza polepole usikabwe."

Nikameza, yeye akiniangalia mpaka kipande cha mwisho kikashuka. Akanipangusa makombo kwenye kola. "Usirudie, sawa? Nami sitasema."

Na kweli hakusema. Hicho ndicho kinachonitesa mpaka leo, kwamba alitimiza ahadi yake.

Tulipofika nyumbani dunia ilikuwa inazunguka. Nilitapika mlangoni, kwenye gauni langu jeupe, na matapishi yalikuwa mekundu. Kukhu akapiga ukemi uliosikika barabara nzima: "Damu! Mtoto anatapika damu!" Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuna aliyenusa tu. Lakini nyumbani kwetu haikuwahi kuingia hata bia, na walipoona wekundu ule waliona damu, wakaishia hapo. Mama akawa anahangaika na simu kutafuta teksi, maana Baba alikuwa safarini na gari. Kukhu akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Ulikula nini?"

"Mkate."

"Nani alikuwa anakuangalia ukikula?"

Ningeweza kusema nilikunywa divai ya kanisa. Maneno manne tu. Ningechapwa, ningelia, ningelala, na Jumatatu ningeenda shule. Badala yake nikaona nimefunguliwa mlango, tena na nyanya yangu mwenyewe. Nikasema, "Mama Mwende."

Na haukuwa uongo! Hilo ndilo nililojiambia miaka na miaka. Niliulizwa swali, nikalijibu.

Kule kwa Kukhu, na hata kwa Wakamba, watu wa Mama Mwende, mwenye macho ndiye anayeweza kuondoa alichokifanya. Anatia maji mdomoni na kumpulizia mtoto tumboni. Mama, yule mama wa ofisi aliyecheka, alitoka mbio na ndara akamwita Mama Mwende. Alikuja na aproni yake, mikono ikiwa bado na unga. Kukhu akamwambia bila kuzunguka anachotakiwa kufanya, na kwa nini.

Alijipangusa unga kwa aproni. Kisha akasema, "Mimi sina macho mabaya, Mama. Lakini kama maji yatamsaidia mtoto, nitapuliza."

Akaniangalia. Sasa hivi ninapoandika ninauona ule uso. Alikuwa ananingoja. Alidhani nitasema habari ya mkebe, angalau hiyo, ili naye awe huru kuisema. Nikajigeuza ukutani kama mtu anayesinzia. Akatia maji mdomoni, akanipulizia tumboni mara tatu, akafuta matone kwa kona ya aproni. Nikalala. Nilipoamka jioni kichwa kilikuwa kinauma, lakini tumbo lilikuwa limetulia, nikaomba uji.

Basi, hapo ndipo alipomalizika. Angekataa kupuliza, wengine wangesema ni maneno ya kikongwe. Lakini alipuliza, na mtoto akapona, na katika hesabu ya watu hiyo ni sawa na kukiri. Mama alimwambia rafiki yake mmoja tu kwenye chama cha akina mama, kwa siri. Kufikia Jumapili iliyofuata watoto walikuwa wanaitwa na mama zao pale kwenye chai Mama Mwende akikaribia.

Kisha ikaja reli ya madhabahu. Sisi Waanglikana hunywa kikombe kimoja, kikipita mdomo hadi mdomo, mchungaji akikifuta kwa kitambaa kati ya mtu na mtu. Akipiga magoti Mama Mwende, anayemfuata anakumbuka ghafla kwamba amesahau kitu kitini. Baada ya wiki chache akaelewa, akawa anasubiri mpaka wote wamalize, anakwenda peke yake, wa mwisho. Mchungaji alihubiri dhidi ya ushirikina, mahubiri makali kweli, akapiga na mimbari. Mwezi huo huo akamwomba Mama Mwende apumzike kidogo na kazi ya vitambaa, kwa ajili ya amani ya kanisa. Naye akamkabidhi mtu mwingine funguo na pasi, akatoka kupitia mlango wa kando.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ukumbi. Alinipita, akasema, "Hujambo, mtoto?" Nikasema sijambo.

Nafasi za kusema nilizipata tele, msidhani nilizikosa. Nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwenye darasa la kipaimara, tuliandika dhambi zetu kwenye karatasi tukazichoma ndani ya debe nyuma ya kanisa. Niliandika: niliiba divai. Jina la Mama Mwende sikuliandika. Niliogopa kwamba dhambi yenye jina la mtu itabidi nikaimalizie kwa mtu huyo. Askofu akaniwekea mikono na nikapewa kikombe kwa mara ya kwanza. Harufu yake ilipanda puani nikarudi moja kwa moja vestri, mdomo umejaa, na yeye amesimama mlangoni. Wakati huo alikuwa ameshaacha kuja kanisani kwetu. Walisema amehamia Kawangware.

Kukhu alifariki akiamini kwamba aliniokoa. Alisimulia kisa hicho kwenye kila harusi.

Mwaka jana nikaombwa niingie kwenye kamati ya kuandaa Meza ya Bwana. Ni mimi huyo, mama wa watoto wawili, mwenye cheo ofisini Westlands, naheshimika. Wakanipa vitambaa nikavifue. Nilivitandaza juu ya meza ya pasi nyumbani, nikajaribu kuvikunja mara tatu huku na mara tatu kule, nikashindwa, nikakaa chini sakafuni nikalia kwa aibu mpaka binti yangu akaja kuuliza kama nimeungua. Jumamosi iliyofuata nikaenda Kawangware kumtafuta.

Nilimpata kwenye chumba kimoja chenye jiko dogo la kando, ng'ambo ya soko. Alikuwa amezeeka, mwembamba, lakini alinitambua kabla sijajitaja. Akanipa kiti. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: divai, maji ya bomba, gauni lililogeuka jekundu.

Akauliza, "Ulikunywa kiasi gani?"

"Karibu nusu chupa, Mama."

"Nusu chupa." Akashika paji la uso. "Mimi nilikuona na mkate tu. Nikajiuliza, mkate mkavu unamtapishaje mtoto damu? Mwanzo nilijua wamekosea. Lakini ukiambiwa na kanisa zima, mwanangu, unaanza kujiuliza usiku na mchana. Nikasema pengine wao ndio wanaona. Pengine ni kweli ninayo, na sikuzaliwa nikijua."

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitasimama kanisani mbele ya watu, niseme.

"Utamwambia nani?" akauliza. Hakuwa na ukali. "Nyanyako amekufa. Yule mchungaji alishastaafu. Wale wamama wamehama, wengine wamezikwa. Walioko pale sasa hawajui hata kwamba niliwahi kuishi."

Wakati huo mlango ukafunguliwa akaingia msichana wa miaka kama kumi na tisa, Ndanu, mtoto wa Mwende, aliyelelewa na Mama Mwende tangu akinyonya. Alikuwa ametoka kazini dukani Hurlingham. "Sasa, Susu," akamwambia nyanyake, kisha akanisalimu mimi kwa mkono. Mama Mwende akainuka, akampakulia wali na ndengu, akaweka sahani juu ya meza. Kisha akavuta kiti chake akakaa mbele yake, karibu kabisa, mikono magotini.

"Kula hapa leo," akasema. "Nataka kukuona ukikula."

Ndanu akacheka kidogo, akanitazama mimi, akamtazama nyanyake. "Ai, Susu, na wewe! Si ni wewe ulinifunza nisikule mbele yako?" Akabeba sahani yake, bila ubaya wowote, kama mtu anayevua viatu mlangoni, akaenda jikoni akala akiwa ametugeuzia mgongo.

Miaka kumi na tisa. Amempikia, amemsomesha, na hajawahi kumwona akitia tonge mdomoni.

"Ni mazoea," Mama Mwende akaniambia, akijaribu kutabasamu. "Nitamzoesha pole pole."

Nilikaa pale nikisikia kijiko kikigonga sahani, nisijue niweke wapi uso wangu. Kukhu aliogopa kwa sababu alinipenda, na ndivyo alivyofundishwa. Mama aliogopa kwa sababu aliona damu. Katika nyumba ile mimi peke yangu sikuwa na cha kuogopa ila fimbo. Mtoto yule wa miaka tisa naweza kumsamehe, hata Mama Mwende amemsamehe, aliniambia nikiaga. Ila aliyefikisha miaka ishirini akanyamaza, na thelathini akanyamaza, akipokea kikombe kila Jumapili, huyo hakuwa mtoto, na mpaka leo sijapata la kumtetea.