Kiti cha Bi Zakiya

Miaka minne, kila likizo, Mzee Majid aliishi nyumba moja na mbwa, hapo mtaani Ghubra, na miaka minne hakumgusa. Mbwa akipita ukumbini, yeye hunyanyua kanzu kwa vidole viwili kama anayevuka maji. Mbwa naye alishamjua. Hujibana ukutani, akapita.

Na mbwa mwenyewe si wa mchezo. Mweusi, kifua kama mlango, kilo thelathini na nane. Alikuja naye Noof, mjukuu wa mzee, kutoka Uingereza anakosoma. Noof haoni tangu kuzaliwa, na mbwa ndiye macho yake njiani. Huko wamempa jina la kizungu. Lakini siku ya kwanza Bi Zakiya, mke wa Mzee Majid, alimwona anavyoingia, kifua mbele, hatua moja moja, akasema, "Khaa! Huyu bwana harusi." Jina likabaki.

Bi Zakiya ndiye aliyeweka kopo karibu na bomba la uani. Kopo la maziwa ya unga, ndani udongo safi uliochotwa Yiti, nje ya mji. Mbwa akilamba sahani au mkono, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hazipungui.

"Akikugusa mkavu na wewe mkavu, huna la kuosha," akisema. "Mate ndiyo yenye kazi."

Na yeye ndiye aliyekuwa akisafiri na Noof. Kwenye ndege mbwa huyu hatiwi chini na mizigo. Hukaa juu na abiria, miguuni. Lakini miguu ya mtu mmoja haimtoshi, lazima wa kiti cha pili akubali. Safari ya kwanza wa kiti cha pili alikataa. Noof akateremshwa na mbwa wake, akakosa masomo wiki mbili. Tangu hapo kiti kile kikawa cha Bi Zakiya.

Bi Zakiya alifariki mwezi wa Shaaban, likizo hii hii, alipokwisha kumleta Noof.

Sasa likizo ilikuwa inakwisha. Jumatatu Noof ana mtihani wa kuingia mwaka wa mwisho. Akiukosa, mwaka mzima anarudia.

"Mimi nikimkaribia mbwa yule napiga chafya mpaka machozi," alisema Hisham, baba yake Noof. "Dakika kumi siwezi, seuze saa nane. Na mama yake Noof ana mimba ya miezi minane."

"Basi ntakwenda mimi," akasema Mzee Majid.

Hisham alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. "Wewe, baba? Utanyanyua kanzu saa nane?"

"Nikichoka ntabadilisha mkono."

Uwanja wa ndege, askari alitoa kifuko cha plastiki kwenye mkoba wa mzee. "Hajji, nini hiki?"

"Udongo." Mzee Majid akamwoneshea mbwa kwa kidevu.

Askari akamtazama mbwa, akautazama udongo, akaelewa. Alicheka akashika meza. "Umefikiri kila kitu, hajji. Pita."

"Si mimi," alisema Mzee Majid. "Mke wangu."

Ndani ya ndege Noof alikaa dirishani, babu yake pembeni. Bwana Harusi akasimama. Alinusa kiti. Alinusa magoti ya mzee. Akageuka kutazama njia waliyoingilia, mkia umeziba njia ya watu. Noof alimwamrisha alale, kwa Kiingereza. Wapi. Akavuta mkanda. Wapi.

"Anamtafuta bibi," Noof alisema kwa sauti ndogo.

Akaja mhudumu, msichana wa Kitanzania, jina lake Aika limeandikwa kifuani. "Shikamoo mzee. Samahani, hatuwezi kuondoka mpaka mbwa alale. Asipolala, itabidi mshuke."

"Babu," Noof akasema, "yameshakuwa yale yale."

"Bibi yako akifanyaje?"

"Akivua viatu. Akiweka miguu yake hapo chini, juu ya blanketi. Halafu akimsema."

"Akimsema vipi?"

"Akimtukana, babu."

Mzee Majid alivua ndara zake. Akatandika blanketi, akaweka miguu. Ndege nzima inamtazama. Akavuta pumzi, akaitoa sauti ya mkewe kama alivyoisikia miaka yote:

"We Bwana Harusi! Umesimama hapo unangoja kupambwa? Hebu kaa kitako, mwenye maringo we!"

Mbwa alisimamisha masikio. Akazunguka mara moja, akajiangusha juu ya miguu yote miwili ya mzee, kilo zake zote, akashusha pumzi ndefu.

Aika alishika mdomo. "Mzee, kumbe ni bwana harusi?"

"Ndiyo. Bibi harusi bado hatujampata."

Ndege ikaruka. Mzee Majid hakuthubutu kujitikisa. Tangu Shaaban miguu yake ilikuwa haipati joto kitandani, hata kwa mablanketi mawili. Sasa iliota joto mpaka kwenye magoti.

Chakula kilipoletwa, Noof aligeuza kichwa. "Babu! Haruhusiwi kupewa chakula."

"Mimi? Nimefanya nini mimi?"

"Nasikia anatafuna."

"Pande la kuku lilianguka."

"Lilianguka mkononi mwako?"

Mzee alitazama kiganja chake cha kulia. Kimelowa chote. Akachukua kifuko cha udongo akenda chooni. Bomba la humo ni la ubakhili. Ukilibonya hutoa funda moja, likajifunga. Akasugua udongo. Akabonya, akahesabu. Akabonya tena. Nje watu wakajipanga. Aika akagonga.

"Mzee, uko salama?"

"Salama, mwanangu. Niko ya tano!"

Jumatatu Noof aliingia kwenye mtihani. Wiki iliyofuata Mzee Majid alirudi peke yake, na Hisham akenda kumpokea uwanjani.

"Ijumaa nipeleke Yiti," mzee alisema, hata mkanda wa gari hajafunga.

"Kuna nini Yiti?"

"Udongo. Kopo linakwisha, na Noof anarudi Disemba. Kumchukua nakwenda mimi."

Hisham akamtazama babaake toka juu mpaka chini. Kanzu nyeupe, magotini imejaa nywele nyeusi.

"Na hizo, baba?"

Mzee Majid akaziangalia. Hakuzikung'uta.

"Kavu hizo," akasema. "Tia gari moto, twende."