Simu ya Saa Mbili ya Mzee Waya

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya nyasi za uwanja, na Mzee Waya yuko chini ya winchi, mashine ya kuvutia waya. Ni miguu tu inayoonekana. Anapaka grisi, anakohoa, anaitukana boliti moja iliyogoma, kisha anatoka akijifuta kwa kitambaa ambacho rangi yake ya zamani haijulikani tena.

"Mgongo kama huu nitaununua wapi mwingine?" anauliza, wala hangoji jibu.

Ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kurusha glaida, ndege nyembamba nyeupe zisizo na injini. Glaida hufungwa kwenye waya wa chuma wa karibu kilomita moja, winchi ikauvuta kwa kasi kutoka upande wa pili, na ndege ikapanda kama tiara hadi mita mia nne. Hapo rubani huuachia waya na kuelea. Siku yenye hewa nzuri anarusha mara thelathini.

"Watu wote hawa nimewapeleka juu," anasema. "Mimi mwenyewe hata kubadilisha balbu nyumbani, anapanda mke wangu."

Anga ya hapo si ya glaida peke yake. Ndege ndogo za vifurushi hupita hapo zikielekea uwanja mkubwa. Ndiyo maana kila siku, saa mbili kamili, Mzee Waya hupiga simu kwenye mnara wa kuongozea ndege na kusema neno moja: "Tunaruka." Akilisema, mnara huzipitisha mbali ndege za injini. Asipolisema, huchukulia kwamba uwanja umefungwa.

Anayepokea, zamu nyingi, ni mtu yuleyule. Hawajawahi kuonana, ila wanajuana hadi kwa vikohozi.

"Akinisikia na mafua, ananiambia ninywe maji moto. Yule ni ndugu yangu," anasema Mzee Waya, sauti ikishuka.

Wiki tatu zilizopita waya ulikatika, naye akaamkia kuuunga.

"Mikono ilijaa grisi. Nikasema nikinawa nitapiga. Nikanawa, nikaitwa huku, nikaitwa kule. Ikapita hivyohivyo."

Saa tatu na robo alikuwa akimrusha mwalimu wa hesabu anayejifunza urubani. Winchi ikiunguruma husikii kitu kingine. Macho yake yalikuwa kwenye glaida, ndiyo yakaiona ndege ya vifurushi ikija kutoka ubavuni, chini chini, bila habari yoyote. Glaida ikitazamwa kwa mbali ni nyembamba kama ukingo wa sahani, rubani mwingine haioni kirahisi. Kufumba na kufumbua, Mzee Waya alipunguza moto, akavuta wenzo wa dharura, kisu kikaukata waya. Glaida ikainamisha pua. Ndege ile ikapita juu yake.

"Niliona uchafu wa oili tumboni mwake," anasema mwalimu. "Mzee Waya kaniokoa. Hilo sibishani na mtu."

Klabu ya glaida nayo imesema hivyo, na Ijumaa itamkabidhi cheti. Lakini katika barua hiyohiyo iliyotangaza cheti, katibu aliandika, bila kumuuliza yeyote, kwamba simu "ilipigwa kama kawaida." Sasa mtu wa mnarani ametakiwa kujieleza kwa nini hakuipitisha mbali ndege ile, na kibarua chake kinaweza kuota nyasi.

"Na kila asubuhi nikipiga ananijibu vilevile, 'Nimekupata, mzee.' Hanitukani. Heri angenitukana."

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, anasema usiku mzima mumewe ni wa kugeukageuka tu. "Anakula kama anameza vidonge. Nimemwambia, baba watoto, sema. Cherehani bado inazunguka, hatutakufa njaa."

Imebaki miaka miwili astaafu. Amechoka, wala hafichi. Ijumaa, anasema, atakikataa cheti mbele ya wote.

"Nitasema simu sikupiga. Wakinitoa, sawa. Wakinibakiza, nataka tuwe wawili kwenye hiyo simu. Mtu mmoja huchoka." Anamwomba mwandishi ayaandike hayo kama yalivyo, asiyatie sukari.

Simu yake inalia juu ya kiti cha winchi. Anatazama saa. Ni saa mbili na dakika kumi na moja. Anashika kichwa. Kusimulia alivyosahau kumemsahaulisha tena.

Anaipokea kwa spika, kwa sababu ya grisi.

"Mzee, sijakusikia leo," inasema sauti ya mnarani, kisha inakohoa. "Siku ile na mimi ilifaa nikupigie, nikanyamaza. Uko salama?"

"Niko salama." Anakaa chini kwenye nyasi zenye umande. "Ndugu yangu, Ijumaa nawaambia. Sikupiga. Nawaambia wote."

Kikohozi tena.

"Haya, mzee. Lakini kwanza niambie ya leo. Mnaruka au hamruki?"

Mzee Waya anajifuta macho kwa kile kitambaa, kinamwachia alama nyeusi shavuni.

"Tunaruka," anasema.