Sifa Bila Mchomo

Wajukuu wangu wanaghani maneno ya haraka juu ya muziki wa mashine na kuniambia ni kitu kipya. Nawaacha. Mimi nilifanya hayo Kalenga kabla mama zao hawajaota meno, tena kwa bapa la jembe lililopigwa kwa msumari.

Nilighani harusini. Kazi ilikuwa ya watu wawili, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeniita mke wake kwa utani. Mimi namsifu bwana harusi: shamba lake, ng'ombe wake, mabega yake. Nikimaliza mstari navuta pumzi, na hapo wifi anamchoma: alilia kung'olewa jino, anamkimbia bata. Kwetu ndivyo. Mtu aliye hai husifiwa na kuchomwa. Sifa tupu ni za msibani.

Mume wangu alipofariki nilinyamaza miaka saba. Watu wakasema koo langu limezikwa naye. Basi katikati ya miaka ya sabini, mwenye duka la vyakula na santuri pale Iringa mjini aliponiita, nilijua jambo moja: nikirudi vibaya, sirudi tena.

Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Iringa, Kihehe chake kizuri kuliko cha mwalimu wetu. Angenirekodi kwenye tepu, tepu ipelekwe Nairobi ikatolewe santuri. Mpiga gitaa alishamleta kutoka Mbeya.

"Mama, ughani kwa Kiswahili, na Mbeya wanunue," alisema. "Upande mmoja ni dakika tatu. Na huyu mwenzako apumzike. Mtu hanunui santuri ili atukanwe nyumbani kwake."

Kiswahili nilikubali. Gitaa nilikubali. Dakika tatu nilikubali, maana kumnyanyua mtu hata moja inanitosha. Kumtoa wifi nilikataa.

"Jaribu mara moja kwa njia yangu," akasema. "Ikiwa mbaya, nitasema mwenyewe."

Wifi alikaa juu ya gunia la chumvi, akajiziba mdomo kwa khanga. "Haya, mke wangu," akasema, "nenda kaolewe na gitaa."

Nikaanza. Bwana harusi, mwana wa mlimani, jembe lako halijui kulala. Nikavuta pumzi. Pale pa wifi pakapita gitaa, tamu, haliumi. Ghala lako limejaa, mlango haufungiki. Gitaa tena. Sauti yangu ilikuwa ileile, lakini maneno yalitoka yamepoa, kama ugali wa jana.

Mama mmoja wa Kilolo alikuwa ameingia na mwenzake kununua mafuta ya taa. Akasimama, akasikiliza. Akatua kikapu, akafungua khanga kiunoni, akajifunika kichwa. Mwenzake naye akafanya vivyo hivyo. Wakakaa chini sakafuni, miguu wameinyoosha.

Nikasita. Yule wa kwanza akasema polepole, "Poleni, jamani. Amefariki nani?"

Mpiga gitaa aliacha kupiga. Tepu ilikuwa bado inazunguka.

"Bwana harusi," wifi akajibu kutoka kwenye gunia. "Ameuawa na sifa."

Mwenye duka alicheka hadi akavua miwani kuifuta. Na kwa kuwa alikuwa ametoa neno lake, alilishika. "Ni mbaya," akasema. "Mama wa kwenye chumvi, njoo hapa karibu."

Tukarudia. Safari hii nilipovuta pumzi wifi alikuwepo, na bata wake, na jino lake. Mwishoni akamgeukia hata mwenye duka: ana santuri za dunia nzima, lakini mke wake husikia moja tu, ya kukoroma. Wale mama wa mafuta ya taa walicheka, na kicheko chao kiko kwenye santuri mpaka leo. Mwenye duka hakufuta kitu.

Baadaye nilikwenda Mbeya, binti yangu alikuwa amejifungua. Karibu na soko, kwenye mgahawa wa chai, nikasikia sauti yangu. Watu walikuwa wameshika vikombe hawanywi, wanasubiri mstari wa wifi, wanacheka kabla hajausema. Sikujitambulisha. Nilisimama pale kichwa juu mpaka santuri ikaisha.

Niliporudi Kalenga, tukiwa tunakula, nilimwambia ukweli. "Wifi, kumbe wanakusubiri wewe."

"Kwani wewe kuna aliyewahi kukusubiri," akasema, "zaidi ya kaka yangu?"

Nikamwongezea ugali.